Fundi Aliyeloweka Vipimo

Ukimpelekea Fundi gari, gari hakuliangalia. Aliangalia kwanza mikono yako, halafu viatu vyako, halafu akatupa jicho barabarani ulikotoka, kana kwamba nyuma yako anakuja mtu mwingine mwenye habari za kweli. Ndipo akauliza, "Limeanza lini?" Ukimjibu kwamba limeanza jana, alitikisa kichwa na kuguna. Kwake yeye hakuna ubovu uliowahi kuanza jana. Dereva anayesema jana ama alikuwa anasinzia kwenye usukani mwezi mzima, ama kuna kitu anaficha.

Nilimjua kwa miaka minne pale Newala, siku zile Mwingereza bado yupo lakini kila mtu ameshaanza kuhesabu siku zake. Nilikuwa dereva wa pikapu ya mnunuzi wa korosho tuliyemwita Tajiri, na Fundi ndiye aliyeitengeneza. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sijui. Ningemuuliza, angetaka kujua nani amenituma. Ninachokijua ni tabia zake, na zaidi ya hapo najua kwamba aliondoka Newala akiitwa mwizi, na kwamba neno langu moja lingemwokoa, nami nikalimeza. Naliweka hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba namsimulia mzee wa watu kwa moyo mweupe.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye chale za zamani usoni na macho yasiyotulia. Kofia yake ya kufuma ilikuwa imeshika mafuta mpaka ikawa na rangi ya injini. Karakana yake ilikuwa banda la nyasi lenye shimo katikati, la kuingia chini ya gari. Rangi mpya ilimkasirisha. Ukimletea spea inayong'aa, aliikwaruza kwa ukucha palepale, mbele ya macho yako, na chini ya rangi likitokea kovu la zamani alikurudishia bila neno. Lisipotokea kovu, bado hakufurahi. Alisema tu kwamba aliyeipaka amejitahidi.

Kuna siku dereva wa Bwana Shamba wa Kizungu alileta gari la serikali, akalalamika kwamba breki zinalia na wala hajui kwa nini, maana gari halijatoka Newala wiki nzima. Bwana Shamba mwenyewe alikuwa amesimama pembeni anavuta kiko. Fundi akaingia shimoni, akatoka na bonge la udongo mweusi kiganjani. Sisi wa juu tunakanyaga mchanga mwekundu, kila mtu anajua. Akaunyoosha mkono kwa yule Mzungu, akauliza kwa adabu sana, "Bwana, ulikwenda Ruvuma lini?" Bwana Shamba hakuwa amekwenda Ruvuma. Dereva ndiye aliyekwenda, kufuata samaki wake. Tangu hapo madereva wote wa Newala walikuwa wanapangusa magari yao chini kabla ya kuyapeleka kwa Fundi, nami nikiwemo, ingawa sikuwa na samaki.

Chai hakunywa mpaka aimimine mwenyewe. Salamu ndefu zilimtia wasiwasi. Nilikuwa namwamkia kila asubuhi, "Shikamoo, Fundi," naye anajibu "Marahaba" huku ananitazama kuona nina shida gani. Hata hivyo, mlango wa nyumba yake haukuwa na komeo wala kufuli. Ulikuwa unaegeshwa tu, mchana kutwa, mtu na mkewe wapo shamba. Nilimuuliza kama haogopi.

"Naogopa nini?" alisema, kwa Kiswahili chake cha Kimakonde ambacho mtu ni ntu. "Ntu akiingia atachukua sufuria. Vitu vyangu haviko ndani."

Vitu vyake vilikuwa ni anachokijua, na hicho ndicho alichokilinda mpaka akachekesha watu. Futi ya chuma alikuwa nayo, amepewa na Mzungu mmoja, lakini aliifungia sandukuni kwa sababu, alivyosema, futi inasema na kila ntu. Vipimo vyake alivifunga kwenye kanda za ngozi ya paa. Kila kitu alichokipima alikikatia ukanda wake, akapiga fundo hapa na fundo pale, akautundika darini pamoja na wenzake. Zilikuwa zimening'inia pale kanda labda arobaini, na yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba huu ni springi ya lori la nani na ule ni mhimili wa gari la nani.

Juu ya hayo, alikuwa analoweka. Karibu na shimo lake palikuwa na kopo la maji, na kabla ya kutumia ukanda wowote aliutia humo, akangoja ulainike, ndipo akapima. Kwa mtu wa kwingine hili ni jambo dogo. Kwa mtu wa Newala, ambako mwanamke anateremka bondeni alfajiri na kupanda mlima mzima na debe moja kichwani, kulowekea ngozi maji ya kunywa ni ufisadi. Mkewe, Mama Zainabu, alikuwa akipita karibu na lile kopo hasemi, anasonya tu.

"Baba Zainabu anaona maji yanaota," aliniambia siku moja. "Mimi natoka bondeni shingo imeingia mabegani, yeye ananywesha paa waliokufa."

Sababu aliijua Fundi tu. Kila aliyewahi kuwamba ngoma anajua kwamba ngozi ikikauka hujikunja. Fundi alipiga mafundo yake ngozi ikiwa mbichi imeloa, kwa hiyo ukanda mkavu darini ulikuwa unasema uongo. Mtu akiuiba, au akiuazima kwa ujanja, akaenda kupimia chuma chake, chuma kitatoka kifupi. Fundi mmoja wa Masasi alifanya hivyo, akafua springi nzima kwa ukanda wa wizi, na ilipokataa kuingia kwenye gari watu wakaja kumsimulia Fundi. Ndiyo siku pekee niliyomsikia akicheka kwa sauti. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nifike kwenye shokapu. Kwa asiyezijua, ni bomba fupi za chuma zinazosimama karibu na magurudumu, zenye mafuta ndani na fimbo inayoingia na kutoka. Springi inabeba mzigo, shokapu inaizuia springi isiendelee kurukaruka gari likishapita shimo. Mimi niliendesha miaka bila kuelewa, mpaka Fundi aliponieleza kwa njia yake. Mama Zainabu alikuwa anaingia uani na debe lake, na juu ya maji ameweka matawi yenye majani mabichi, kama wafanyavyo wanawake wote wanaopanda kutoka bondeni, ili maji yasicheze na kumwagika.

"Simama," Fundi akamwambia. "Toa majani. Tembea hatua tatu."

"Maji yangu yatamwagika."

"Hatua tatu tu, nke wangu."

Mama Zainabu akatoa majani, akatembea. Hatua ya kwanza maji yakapiga ukingo huu, ya pili yakapiga ule, ya tatu yakamwagikia begani.

"Umeona, Dereva?" Fundi akasema. "Maji ndiyo springi. Majani ndiyo shokapu."

"Na bega langu ndilo nini?" akauliza Mama Zainabu.

Fundi akayarudisha majani juu ya maji. Mimi nilielewa, maana pikapu yetu wakati huo ilikuwa debe lisilo na majani. Shokapu za nyuma zilikuwa zinavuja, na kila tukipita mikunjo ya barabara mkia wa gari ulikuwa unacheza ngoma yake peke yake.

Tajiri akakubali zinunuliwe mpya, ila alitaka ngumu kuliko zote zilizopo Mtwara, kwa sababu ya magunia. Fundi akamkatalia. Alimwambia ngumu ni za lori linalojaa kwenda na kurudi. Pikapu inateremka na mzigo, inapanda tupu, na ikiwa tupu shokapu ngumu zitairusha kuliko hizo mbovu.

"Magunia yangu ndiyo yanayoiendesha hiyo gari," Tajiri akasema.

"Magunia hayalii, Bwana. Wanaolalia magunia ndio wanaolia."

Alisema kweli. Karibu kila wiki tulikuwa tunateremsha wagonjwa, wamelazwa juu ya korosho chini ya turubai, kwenda hospitali ya Ndanda. Tajiri hakuwa mtu mbaya, hakuwahi kumkatalia mgonjwa. Na mke wangu mwenyewe alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limekaa vibaya, mkunga ameshasema huyu atateremshwa. Nilimtazama Fundi kwa shukrani. Yeye akanitazama kwa mashaka, labda akidhani nimemhonga mkunga.

Tajiri alishindwa, na kazi ya kwenda kuchagua shokapu za ugumu wa kati nikapewa mimi. Fundi alinishika mkono akanipeleka nyuma ya banda.

"Ivute taratibu," aliniambia. "Ikikuachia upesi, iache hapohapo. Isukume. Kusukuma kuwe kwepesi kidogo kuliko kuvuta. Shingoni pasiwe na jasho la mafuta, na wakiwa wamepangusa, pitisha kidole unuse. Halafu urefu. Ivute mpaka mwisho, weka ukanda huu, fundo hili kwenye tundu la juu, hili la chini. Ikipungua hata kidole, usilete."

Akanieleza kwa nini. Gurudumu likitumbukia shimoni linaning'inia, springi inakunjuka yote, na shokapu fupi inafika mwisho wake kabla springi haijafika wake. Hapo chuma kinavuta chuma, na kimoja kitang'oka. Kisha akatazama kulia na kushoto, akasogeza mdomo sikioni kwangu.

"Uloweke kwanza. Muda wa kikombe kimoja cha chai. Nkavu unadanganya. Hata Mama Zainabu sijanwambia kwa nini."

Sijui kwa nini aliniamini mimi. Nimeliwazia hili mara nyingi. Labda kwa sababu sikuwahi kumuuliza habari za zile kanda, na kwake yeye mtu asiyeuliza alikuwa karibu kuwa mtu mwema.

Mtwara ilikuwa bado mji mpya, unanuka saruji. Karani wa duka la spea alikuwa kijana nadhifu, suruali imepigwa pasi, msalaba mdogo umening'inia shingoni. Hata kabla sijasema ninachotaka alinitazama vizuri akauliza, "Wewe si wa Lulindi? Si ulikuwa unabeba msalaba kanisani siku za Jumapili?" Nikasema ndiyo. Alikuwa amesoma Lulindi nyuma yangu, akafurahi, akawaita wenzake wawili waje wamwone kaka yake wa nyumbani.

Akaleta jozi mbili. Zote nilizivuta, nikazisukuma, nikanusa, karani akishangaa ujuzi wangu. Zilitofautiana urefu kidogo sana. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaugusa ule ukanda, mkavu, umejikunja kama utumbo wa kuku. Sasa nieleze jinsi nilivyoona. Mimi, mtoto wa misheni, baba yangu mzee wa kanisa, nimwombe huyu kijana bakuli la maji, nitoe mfukoni kipande cha ngozi ya mnyama chenye mafundo, nikitie ndani, nisimame nakingojea mbele ya watu watatu. Habari zingefika Lulindi kabla yangu, kwamba nimekuwa mganga. Haya ilinipanda mpaka masikioni. Nikageuka upande kana kwamba nafuata mwanga, nikaunyoosha ukanda haraka, mkavu vilevile, nikaupima. Mafundo yakaangukia sawasawa kwenye jozi ile fupi. Nikasema, "Hii hapa," na karani akanifungia kwa karatasi.

Njiani nilijiambia kwamba ngozi ile ni ya zamani, imeshajikunja ikamaliza, mzee ana mambo yake. Nilikuwa najua kwamba najidanganya.

Nilipomkabidhi, Fundi aliangalia mikono yangu.

"Ulipima?"

"Nilipima."

"Kama nilivyokwambia?"

"Kama ulivyoniambia, Fundi."

Akasema, "Haya." Akazichukua shokapu, akauchukua na ukanda. Kesho yake gari likawa tayari, na siku ya nne yake mke wangu akashikwa na uchungu. Nilimteremsha kwenye ule mlima kona kwa kona, mama yake akiwa nyuma amemshika. Sijawahi kuona gari likienda kwa utulivu vile. Ndanda akajifungua salama mtoto wa kike, Agnesi. Niliporudi Newala mtu wa kwanza kuniita Baba Agnesi alikuwa Fundi, tena kutoka ndani ya shimo, kabla sijampa habari. Alikuwa ameshasikia, hakupitwa na kitu.

Wiki haikuisha, nikiwa naosha tope chini ya gari, nikaona shokapu. Zilikuwa zilezile za zamani. Zimesafishwa, zimetiwa mafuta na ngozi mpya za kuzibia shingoni, lakini za zamani, kovu lake nalijua. Damu ilinichemka. Nikasema kumbe mtu anayeshuku dunia nzima anaijua dunia kwa kujitazama mwenyewe. Sikwenda kumuuliza yeye. Nilikwenda moja kwa moja kwa Tajiri.

Tajiri na watu wake walizikuta shokapu mpya nyumbani kwa Fundi, chumbani, zimesimamishwa wima pembeni mwa kitanda, zimefunikwa gunia. Mlango, kama kawaida, ulikuwa umeegeshwa tu. Watu walijaa uani.

"Ni fupi," Fundi alisema. "Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?" akauliza Tajiri.

Fundi akanitupia jicho mimi. Tajiri akaamuru zifungwe palepale, gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake manne, na zikaingia bila shida yoyote, maana gari likiwa chini springi imejikunja. Watu wakapiga makofi ya dhihaka. Fundi akasema, "Linyanyueni kwa jeki. Gurudumu lining'inie, ndipo mpime." Tajiri akamwambia hatufundishwi kazi na mwizi. Hapo Fundi akageuka.

"Nuulizeni dereva. Ulipima kama nilivyokwambia?"

Watu wote walinitazama. Mke wangu alikuwa amesimama nao, Agnesi mikononi. Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba nikisema sikuloweka, itabidi nieleze kuloweka ni nini, na kwa nini niliona haya, na kwa nini nimemsimamisha mtu mbele ya watu kwa kosa langu mwenyewe. Nikasema, "Nilipima kama alivyoniambia."

Fundi akapangusa mikono yake. Kisha akaingia ndani, akatoka na kofia yake, na kesho yake yeye na Mama Zainabu wakateremka Masasi kwa miguu, masanduku kichwani.

Baada ya miezi miwili, kwenye shimo lililochimbwa na mvua pale mteremko unapoanza, gurudumu la nyuma la kulia lilitumbukia, nikasikia mlio kama wa mti unaokatika. Shokapu ilikuwa imeng'oa kishikizo chake na kuning'inia. Namshukuru Mungu kwamba siku hiyo nilibeba magunia tu. Nikalinyanyua gari kwa jeki, gurudumu likaning'inia, nikapima ile iliyobaki upande wa kushoto. Ilipungua vidole viwili. Kwa Tajiri nilisema ni jiwe. Zikanunuliwa nyingine, nikazipima kwa futi, na ile ya kushoto nikaificha chini ya kitanda changu, ikiwa nzima. Miaka sita nililala juu yake.

Sitaki kusema kwamba dhamiri ilinisumbua kila siku. Nilikula, nikalala, nikapata watoto wengine wawili. Lakini nilianza kuwa kama yeye. Nilishuku kila fundi niliyempelekea gari, nikamshuku mke wangu alipokaa kimya, nikashuku anaijua habari yote. Mtu mwenye uongo mmoja hudhani kila mtu ana wa kwake. Mwaka ule wa mwisho wa Waingereza, watu wakishona nguo za sherehe, nilipeleka mgonjwa hospitali ya Mkomaindo pale Masasi, na nikiwa nangoja nje nikaona ng'ambo ya barabara banda la nyasi. Darini mwake zilikuwa zimening'inia kanda za ngozi.

Sikuvuka siku hiyo. Nilirudi Newala, nikaitoa ile shokapu chini ya kitanda, na safari iliyofuata nikavuka nayo mkononi.

Alikuwa amezeeka. Kofia ilikuwa ileile. Aliangalia mikono yangu, akaona nilichobeba, akaangalia viatu, akaangalia barabara.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Baba Agnesi. Nani amekutuma?"

"Nimejituma mwenyewe."

Mama Zainabu aliniletea kigoda bila kunisalimu. Nikakaa. Fundi hakuuliza habari za Newala wala za Tajiri. Aliuliza swali moja, na kwa jinsi lilivyotoka haraka nilijua limekaa mdomoni mwake miaka sita.

"Uliloweka?"

"Sikuloweka, Fundi."

Aliinuka, akapapasa zile kanda, akatoa mmoja, akaja nao. Aliinyoosha shokapu mpaka mwisho, akaweka ukanda ulivyo, mkavu. Mafundo yakaangukia kwenye matundu sawasawa. Kisha akautia kwenye kopo. Mama Zainabu akatazama kopo, safari hii hakusonya. Tukangoja. Muda wa kikombe cha chai ni mrefu sana ukikosa chai. Mafundi wengine walikuwa wanagonga vyuma jirani, na mimi nilikuwa nautazama ule ukanda ukilegea majini nikiomba usije ukawa umekufa kwa uzee. Akautoa, akaukamua kwa vidole, akaunyoosha tena juu ya shokapu. Fundo la chini likapita tundu kwa vidole viwili.

"Basi ni kweli," alisema. Nilielewa kwamba asingeliamini neno langu bila ya kopo, na kwamba alikuwa na haki.

"Kwa nini?" akauliza.

Nikamweleza yote. Karani, msalaba wake, Lulindi, wale wenzake wawili, haya. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Mwisho akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akamgeukia mkewe.

"Hakuniuza," alimwambia. "Unasikia? Mimi miaka yote nasema ameniuza. Nikasema wale wa Ntwara wamempa kitu kikubwa, awape siri yangu, achukue mbovu zao. Kumbe aliona haya kuomba maji." Akanigeukia. "Bora ungeniuza, Baba Agnesi. Ntu akiuzwa anajua kulikuwa na sababu."

Sikuwa na pa kuweka uso. Nililia, na sioni aibu kuandika kwamba nililia. Nikasimama, nikasema nitakwenda hapo nje niwatangazie majirani zake wote kwamba Fundi hakuwa mwizi. Mama Zainabu akanishika shati.

"Kaa chini! Hapa nani anajua? Hapa tumekuja watu wazima na majina yetu. Unataka kuwaletea mwizi wasiyemjua?"

"Newala," Fundi akasema. "Uliseme Newala. Uani palepale, mbele ya Tajiri, watu wawepo."

Niliwaza kazi yangu. Niliwaza Agnesi anayeanza shule, na uso wa Tajiri. Fundi alikuwa ananitazama niwazapo, na nilijua kwamba anahesabu muda ninaochukua.

"Nitakwenda kesho," nikasema.

"Kesho," akarudia, na nilisikia namna alivyolisema neno hilo, sawa na alivyokuwa akiguna dereva akimwambia limeanza jana.

"Leo, Fundi. Sasa hivi. Twende wote, usikie mwenyewe."

Alivaa kanzu. Mama Zainabu alifunga kanga yake ya kutokea, akaegesha mlango, nami nikawafungulia mlango wa gari. Mama Zainabu akapanda. Fundi hakupanda. Alizunguka pikapu mara moja polepole, akasukuma mkia wake chini kwa mikono miwili akauachia, akatazama unavyorudi. Kisha akakunja kanzu yake nyeupe mpaka magotini, akalala chali mavumbini na kujisogeza chini ya gari. Nilisikia ukucha ukikwaruza rangi, upande wa kulia, halafu wa kushoto. Nilisimama pale na ufunguo mkononi, nikingoja.

"Washa gari, twende," akasema kutoka kule chini.